Amadís Alipokufa Katika Kitabu cha Nane

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini kwangu, akaniamkia, akaketi, kisha akaniwekea mezani ukurasa mmoja wa maandishi. Ulikuwa msimu wa wanafunzi kuwasilisha mada za utafiti wao wa mwisho. Nilitarajia kuona mambo niliyoyazoea: vyama vya ushirika, reli ya kati, Azimio la Arusha, Vita vya Majimaji. Yeye alitaka kuandika kuhusu wasomaji waliovunjwa moyo na juzuu ya pili ya riwaya moja ya Kimarekani, riwaya ya mapenzi na majoka ya kurukia angani, ambayo mabinti wengi wa umri wake walikuwa wakiazimana hapa chuoni hadi majalada yakachanika.

"Hii ni historia?" nilimuuliza.

"Ni historia ya wasomaji, Dokta."

Nikamwomba anieleze kilichomuudhi, nikidhani atamaliza kwa dakika mbili. Alizungumza karibu nusu saa. Juzuu ya kwanza aliisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa mwanga wa simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika bwenini. Juzuu ya pili ilipotoka aliweka akiba ya fedha za chakula ili aipate. Humo alikuta vita, siri za serikali, mikutano ya makamanda, na wapenzi wawili ambao kila walipokutana waligombana kwa jambo lile lile. Akanitazama kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, akasema: "Yule kijana niliyempenda hayumo. Yumo mtu mwingine mwenye jina lake."

Nilimkatalia. Nilimwambia atafute mada yenye nyaraka. Alikwenda akaandika kuhusu pamba ya Kanda ya Ziwa, akapata alama nzuri, akahitimu. Nami nilijiona nimetimiza wajibu wa mwalimu.

Mwaka huu, nikiwa naandaa mihadhara kuhusu Hispania na Ureno katika karne ya 16 kwa ajili ya somo la upanuzi wa Ulaya, nilirudi kwenye vitabu ambavyo nilivisoma haraka-haraka nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba binti yule alikuwa amesimama juu ya mada kubwa, yenye nyaraka za kutosha, na yenye umri wa zaidi ya miaka mia tano. Makala haya ni sehemu ya deni langu kwake.

Tuanze na kitabu cha kwanza. Nakala ya zamani kabisa iliyosalia ya "Amadís de Gaula" ilichapishwa katika mji wa Zaragoza mwaka 1508. Aliyeitengeneza kwa umbo hilo ni Garci Rodríguez de Montalvo, diwani wa mji wa Medina del Campo katika ufalme wa Castile. Hadithi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ikisimuliwa na kunakiliwa kwa mkono tangu karne ya 14, kiasi kwamba Pero López de Ayala, kiongozi mkubwa wa serikali ya Castile aliyefariki mwaka 1407, aliwahi kujuta katika mashairi yake kwamba alipoteza muda mwingi wa ujana akisikiliza mambo ya Amadís. Ni mtumishi wa umma wa ngazi ya juu aliyekuwa akikiri mbele ya Mungu dhambi ya kusoma riwaya. Wapo wenzake hata leo, ila hawakiri.

Amadís ni mtoto wa siri wa mfalme na binti mfalme. Anawekwa ndani ya sanduku na kuachwa majini, anaokotwa, analelewa ugenini, na anakua askari muungwana asiyeshindika bila kujua yeye ni nani. Anampenda Oriana, binti wa mfalme Lisuarte wa Uingereza, na upendo huo ndio injini ya kitabu kizima. Yumo mchawi mwema, Urganda, anayebadilisha sura apendavyo. Yumo mchawi mbaya, Arcaláus. Limo dubwana liitwalo Endriago. Kipo kisiwa chenye tao ambalo hawapiti chini yake isipokuwa wapenzi waaminifu. Oriana anaposikia uongo kwamba Amadís amempenda mwingine, anamwandikia barua ya kumfukuza. Shujaa aliyewaangusha majitu anaisoma barua ile, anaacha silaha zake, anakwenda kuishi na mtawa juu ya mwamba katikati ya bahari, analia hadi anakaribia kufa. Wasomaji wa Hispania hawakuusahau mwamba ule. Wafalme waliisoma hadithi hii, na wake wa wafanyabiashara waliisoma pia. Mtakatifu Teresa wa Ávila anasimulia katika maisha yake jinsi yeye na mama yake walivyokuwa wakisoma vitabu vya namna hii kwa kujificha ili baba asiwaone. Ignatius wa Loyola, alipolala kitandani mwaka 1521 akiwa amevunjwa mguu na mzinga, aliomba apewe vitabu hivi. Havikuwepo nyumbani humo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Historia ya Kanisa ingeweza kuwa tofauti kidogo kama maktaba ya nyumba ile ingekuwa kubwa zaidi.

Kwa ufupi, ilikuwa riwaya ya mapenzi na maajabu, na ilipendwa kupita kiasi. Kisha ukaja mwendelezo.

Montalvo aliikuta hadithi ya zamani ikiwa na vitabu vitatu. Alivisafisha, akaongeza cha nne, kisha akaandika cha tano ambacho ni chake kabisa: "Las sergas de Esplandián", yaani matendo ya Esplandián, mwana wa Amadís na Oriana. Chapa ya Sevilla ya mwaka 1510 ndiyo ya zamani tunayoijua. Hapa naomba msomaji aende nami polepole, kwa sababu katika kitabu hiki cha tano limo jibu la swali ambalo sikumwuliza mwanafunzi wangu: kwa nini mwandishi huacha kile ambacho msomaji alikipenda?

Montalvo hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa diwani aliyeishi chini ya Isabella na Ferdinand, katika miaka ambayo Granada ilitekwa (Januari 1492) na Wayahudi wakafukuzwa Hispania (mwaka huo huo). Konstantinopoli ilikuwa imeangukia mikononi mwa Waturuki mwaka 1453, na jeraha hilo lilikuwa bichi. Katika mazingira hayo alianza kuiona hadithi ya Amadís kama upotevu wa nguvu. Kwa nini askari Mkristo ampasue fuvu askari Mkristo mwenzake kwa sababu ya tabasamu la msichana, ilhali adui wa imani yuko mlangoni? Basi Esplandián hafanyi mambo ya baba yake. Haendi kutafuta ubabe njia panda. Anavuka bahari kwenda Mashariki kuipigania Konstantinopoli, anawashinda Waturuki, anaoa binti wa mfalme mkuu wa mji ule, anakuwa mfalme mkuu mwenyewe. Kile ambacho mizinga ya mwaka 1453 ilikichukua, diwani wa Medina del Campo alikirudisha kwa kalamu. Katikati ya masimulizi anasimama kuwasifu wafalme wake na kuwahimiza wakuu waache ugomvi wa wao kwa wao. Sera ya dola imeingia ndani ya riwaya ya mapenzi, imevaa deraya, na inatoa hotuba.

Amadís je? Katika toleo la kale, wataalamu wengi wanaamini, Amadís aliuawa na mwanawe mwenyewe bila wao kujuana, na Oriana akajirusha dirishani kwa huzuni. Montalvo hakuthubutu kufika huko. Aliandika pambano ambamo baba, akiwa amejificha uso, anamzuia mwana njiani ili ampime. Mwana anamshinda, tena vibaya, na baba anakaribia kufa. Halafu anasimuliwa kupona, na uvumi kwamba alikufa unaelezwa kuwa kosa la watu. Ni mwandishi anayetaka kumwua shujaa wa kale bila kuwaudhi waliompenda. Mwishoni Urganda anawalaza wote kwa uchawi katika kisiwa chao, Amadís na Oriana na jamaa zao, wasizeeke wala wasife mpaka siku itakayofaa. Niliposoma tena sehemu hiyo nilicheka peke yangu ofisini: mzee anastaafishwa kwa heshima, anawekwa mahali pazuri, na anaombwa asiingilie kazi ya vijana.

Limo jambo jingine katika kitabu hiki ambalo linanisumbua zaidi. Katika vita vya Konstantinopoli, upande wa Waturuki anakuja kuwasaidia Calafia, malkia wa kisiwa cha wanawake weusi watupu, kisiwa kilicho jirani na Pepo ya duniani, kisicho na madini mengine isipokuwa dhahabu. Ana jeshi lake, ana ndege wakali aliowafuga kwa ajili ya vita, ana akili na hamu ya kuiona dunia. Kisiwa chake kinaitwa California. Kwa kurasa chache, kitabu kinachopoa kwa mahubiri kinapata joto. Kisha Calafia anashindwa na Amadís katika pambano la wawili, anatekwa, anampenda Esplandián bila kupendwa, anabatizwa, na anaozwa kwa jamaa wa Esplandián aliyechaguliwa kwa ajili yake. Alikuja na taifa lake, akaishia kwenye orodha ya maarusi. Mabaharia wa Hispania walipofika pwani ya magharibi ya Mexico katika miaka ya 1530 na mwanzoni mwa 1540, jina lake la kisiwa lilibandikwa katika nchi halisi, na liko pale hadi leo. Asili hiyo ya jina ilisahauliwa mpaka Mmarekani Edward Everett Hale alipoionyesha mwaka 1862.

Sasa, je, wasomaji wa wakati ule walivunjika moyo? Mwanahistoria lazima awe mwangalifu hapa. Kitabu cha tano hakikuanguka sokoni. Kilichapishwa tena mara kadhaa katika karne ya 16. Watu walikinunua, pengine kama mwanafunzi wangu alivyonunua juzuu yake, kwa tumaini. Kununua si kupenda. Ushahidi wenyewe unaanza kuonekana katika vitabu vilivyofuata.

Mwaka huo huo wa 1510 mtu mwingine, Ruy Páez de Ribera, alichapisha Salamanca kitabu cha sita, "Florisando". Huyu alikwenda mbali kuliko Montalvo. Aliona hata uchawi wa Urganda ni kosa dhidi ya imani, na kitabu chake ni vita vya kuondoa maajabu katika hadithi ya maajabu. Ni kama kununua riwaya ya majoka na kukuta kwamba mwandishi ametumia kurasa zake kuthibitisha kwamba majoka hayafai. Mwaka 1514 akatokea kijana Feliciano de Silva na kitabu cha saba, "Lisuarte de Grecia". Alichofanya de Silva kuhusu kitabu cha sita ni jambo rahisi na la kikatili: alifanya kama hakipo. Akarudi kwa Montalvo, akawaamsha waliolazwa, akarudisha mapenzi, mashindano na uchawi.

Mwaka 1526 mtu aitwaye Juan Díaz akatoa Sevilla kitabu cha nane. Alifuata njia ya "Florisando". Na ndani yake alifanya lile ambalo Montalvo aliliogopa: Amadís, mzee sasa, anakufa, anaombolezwa, anazikwa kwa heshima zote. Oriana anaingia utawani.

Kwa mantiki ya dini na ya maisha, Juan Díaz alikuwa sahihi. Watu huzeeka na hufa, na kifo chema ni taji la maisha mema. Lakini kitabu chake hakikuchapishwa tena. Feliciano de Silva aliporudi mwaka 1530 na kitabu cha tisa, "Amadís de Grecia", Amadís mzee yu hai kana kwamba hakuna mazishi yaliyofanyika, na katika maneno ya utangulizi kitabu cha nane kinasemwa vibaya sana, kama kitu ambacho kingekuwa bora kisingezaliwa. Wafaransa walipoanza kutafsiri mfululizo huu mwaka 1540, kwa kalamu ya Nicolas Herberay des Essarts, waliviruka vyote viwili, cha sita na cha nane, wakabadilisha namba. Katika Kifaransa, kitabu cha saba cha Kihispania ndicho cha sita. Msomaji wa Paris hakuambiwa kwamba Amadís aliwahi kufa.

Mwanafunzi wangu nilimwambia atafute nyaraka. Nyaraka ndizo hizi: kitabu kisichopata chapa ya pili, dibaji yenye hasira, pengo katika namba za tafsiri. Msomaji wa kawaida wa mwaka 1526 hakuacha barua ya malalamiko. Aliacha kununua, na wachapishaji, ambao hawana mapenzi na mtu, waliandika uamuzi wake katika hesabu zao.

Nawakumbusha wanaharakati wanaosoma ukumbi huu kwamba dola nayo ilijaribu kuwa msomaji. Mwaka 1531 ilitolewa amri ya kifalme kwa ofisi ya Sevilla iliyosimamia safari za Amerika kwamba vitabu vya hadithi za ubatili, kama vile vya Amadís, visiruhusiwe kupelekwa huko, hasa kwa kuhofia kwamba wenyeji wa Amerika wakijifunza kusoma wataviacha vitabu vya dini. Mwaka 1555 wawakilishi wa miji waliokutana Valladolid walimwomba mfalme avipige marufuku ndani ya Hispania kwenyewe, kwa hoja kwamba vinawaharibu vijana na wasichana. Amri ya 1531 ilivunjwa kila siku. Irving Leonard, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1949 baada ya kupekua orodha za mizigo ya meli, alionyesha makasha kwa makasha ya riwaya yakivuka bahari chini ya pua za maofisa wa forodha. Ombi la 1555 halikuzaa sheria yenye meno. Basi tazama: serikali ilipiga marufuku na vitabu vikaendelea kuuzwa, msomaji hakupiga marufuku chochote, alinyamaza tu, na kitabu cha nane kikafa. Sisemi kwamba hilo lina maana ileile katika kila nchi na kila zama. Gharama za karatasi, ugomvi wa wachapishaji na bahati mbaya navyo huua vitabu. Lakini vitabu vya de Silva, vyenye urefu na ugumu uleule, vilichapwa na kuchapwa.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka kidogo njiani, kwa sababu ukoo huu wa vitabu unatugusa sisi wa pwani hii kwa mlango ambao wengi hawaujui. João de Barros, mwanahistoria wa Ureno ambaye juzuu yake ya kwanza kuhusu Waasia na Wareno ilitoka mwaka 1552, ndiye aliyetuhifadhia kwa Kireno historia ya masultani wa Kilwa, aliyoichota katika tarihi ya mji huo. Kila mwanafunzi wa historia ya Afrika Mashariki amewahi kukutana na jina lake. Hakuwahi kufika Kilwa. Na kitabu chake cha kwanza, kilichochapishwa mwaka 1522, hakikuwa historia kabisa: kilikuwa riwaya ya askari muungwana aitwaye Clarimundo, shujaa wa kubuni anayefanywa kuwa babu wa wafalme wa Ureno. Mkono ulioandika majoka na wapenzi ndio ulioandika baadaye jinsi meli za Almeida zilivyoingia bandarini Kilwa mwaka 1505. Sisemi kwamba Barros alibuni Kilwa; tarihi ya Kiarabu ipo, na tunaweza kulinganisha. Nasema kwamba tunaposoma maelezo ya Wareno kuhusu miji yetu, tukumbuke ni hadithi gani zilizowafundisha jinsi mji wa mbali unavyopaswa kuonekana. Bernal Díaz del Castillo, askari aliyeiona Tenochtitlan mwaka 1519, alipokosa maneno ya kuueleza mji ule ulioinuka juu ya maji, alikimbilia maajabu ya kitabu cha Amadís. Alikuwa na miji halisi mbele ya macho, na riwaya ndiyo iliyompa kipimo.

Turudi kwa msomaji aliyekasirika. Mkubwa wao wote ni Miguel de Cervantes. Katika "Don Quijote" ya mwaka 1605, padri na kinyozi wanapekua maktaba ya mzee aliyerukwa na akili kwa kusoma, ili wavichome vitabu vilivyomwumiza. Cha kwanza mkononi ni "Amadís". Padri anataka kukichoma kama mwanzilishi wa balaa. Kinyozi anakitetea kuwa ndicho bora cha aina yake, na kinasalimika. Cha pili ni "Esplandián". Wema wa baba haumsaidii mwana: kinarushwa dirishani, kiwe cha kwanza katika lundo la moto. Kinachofuata ni "Amadís de Grecia" na ukoo wake wote. Watu husoma tukio hili kama dhihaka dhidi ya riwaya. Mimi sasa nalisoma kama uhakiki wa msomaji aliyevisoma vyote mpaka mwisho, anayejua kitabu kipi kilimpa furaha na kipi kilimwibia. Asiyependa kitu hawezi kukipanga kwa ngazi namna hiyo.

Kisha yakamkuta mwenyewe. Mwaka 1614, kabla hajamaliza sehemu yake ya pili, mtu aliyejiita Alonso Fernández de Avellaneda, ambaye mpaka leo hatujui kwa hakika alikuwa nani, alichapisha mwendelezo wa "Don Quijote" bila ridhaa yake, na katika dibaji akamtukana Cervantes kwa uzee wake na mkono wake uliolemaa vitani. Sehemu halali ilitoka mwaka 1615, na ndani yake Cervantes alifanya jambo ambalo sijaliona likifanywa vizuri zaidi mahali popote. Don Quijote yuko katika nyumba ya wageni. Anasikia kupitia ukuta mwembamba watu wawili wakisoma kitabu kile cha uongo. Mmoja analalamika kwamba kinachomchukiza zaidi ni kuona humo Don Quijote ameacha kumpenda Dulcinea. Quijote anainuka kwa ghadhabu upande wa pili wa ukuta. Si matusi yaliyomkera, wala makosa ya jiografia. Ni lile lile la mwanafunzi wangu: yumo mtu mwingine mwenye jina lake, na hapendi aliyepaswa kumpenda.

Kwa kuwa mwongo alimpeleka Zaragoza, Quijote wa kweli anaapa hatatia mguu Zaragoza, anageuza njia kwenda Barcelona. Watumishi wa umma watafurahishwa na kinachofuata. Njiani akirudi nyumbani anakutana na Álvaro Tarfe, mhusika aliyezaliwa katika kitabu cha Avellaneda, na anamwomba atoe tamko rasmi mbele ya kiongozi wa mji, liandikwe na karani kwa taratibu zote za kisheria, kwamba huyu aliye mbele yake si yule aliyesimuliwa katika kitabu cha uongo. Linaandikwa. Na Quijote anapofariki kitandani, padri anaagiza iandikwe hati ya kuthibitisha kwamba Alonso Quijano amekufa kifo cha kawaida, ili asitokee mwandishi mwingine wa kumfufua. Juan Díaz alimwua Amadís kwa sababu ya fundisho, wasomaji wakamkatalia. Cervantes alimwua Quijote ili kumlinda, kwa cheti cha kifo, na wasomaji wamemkubalia kwa miaka zaidi ya mia nne. Yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, Aprili 1616.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimkatalia binti yule upesi vile. Sehemu ya jibu ni aibu ya kazi yangu: tumefundishwa kwamba historia ni ushuru, ardhi, jeshi na mkataba, na kwamba machozi ya msomaji juu ya mtu asiyekuwepo ni mambo ya bwenini. Sehemu nyingine si nzuri kuisema, lakini nitaisema. Kama kijana wa kiume angekuja na mada kuhusu mashabiki waliokasirishwa na kocha, nadhani ningemsikiliza. Vitabu vya Amadís navyo vilidharauliwa na wanazuoni wa wakati wake kwa sababu vilisemwa kuwa chakula cha wanawake na vijana wavivu, na wanazuoni hao hao walivijua kurasa kwa kurasa.

Kama ningekuwa mwalimu bora siku ile, ningemwuliza maswali matatu. Juzuu ya pili ilitoka muda gani baada ya ya kwanza, na nani aliyekuwa na haraka? Vita iliyowameza wapenzi wale ni ya nani, na inafanana na vita gani ya nchi iliyotungwa humo? Na mabinti wa bwenini walifanya nini walipomaliza: waliacha, walisubiri juzuu ya tatu, au walianza kuandika mwisho wao wenyewe kwenye simu zao, kama de Silva? Swali la mwisho hilo lingekuwa sura nzima.

Wiki mbili zilizopita nilitafuta namba yake. Anafanya kazi katika halmashauri moja ya wilaya, idara ya mipango. Nilimwandikia kwamba nilikosea, nikamwambia habari za Amadís, za kitabu cha nane, na za malkia wa California aliyekuja na jeshi lake akaishia kuozwa. Alichelewa kujibu hadi jioni, baada ya saa za kazi.

"Asante Dokta. Juzuu ya tatu ninayo, bado sijaifungua. Ila huyo Calafia, alirudi katika kitabu kingine chochote?"

Nikamjibu kwamba alirudi. Katika kitabu cha saba.